Taa ya kifaa cha filamu imegoma kuwaka: mwongozo kamili wa kuusaka ubovu, kuanzia betri hadi LED

Upanga wangu wa mwanga, nakala ya silaha ya sinema, ulikaa kwenye kabati la vioo miaka mitatu bila kuguswa. Siku mpwa wangu alipoomba auone ukiwaka, nilibonyeza kitufe, sauti ikanguruma kama kawaida, taa ikabaki giza. Jioni ileile nikakata nyaya za LED, yaani kile kitaa chenyewe cha ndani, nikaweka LED mpya, nikalehemu, nikafunga. Giza. Kesho yake ndipo nilipogundua kwamba LED ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Waya ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake, sentimita mbili tu kutoka pale nilipokuwa nikihangaika. Nilikuwa nimeanzia mwisho.

Vifaa vingi vya aina hii huharibiwa hivyohivyo, tena na wenyewe wanaovipenda. Taa haiwaki, basi mtu anadhani taa imekufa. LED hufa kwa nadra. Kinachokufa ni mguso: springi iliyoshika kutu, swichi iliyojaa vumbi, waya uliochoka kukunjwakunjwa. Kwa hiyo hapa tutafuata njia ambayo umeme wenyewe hupita, kutoka betri kwenda mbele, na hatutaruka hatua hata pale mkono utakapokuwa unakuwasha kushika chuma cha kulehemu.

Mfano wangu ni upanga wa kawaida: mpini wa plastiki au alumini, betri tatu za AA, kitufe, bodi ndogo ya saketi inayoendesha sauti na taa, spika, na LED moja mdomoni inayomulika ndani ya bomba la plastiki. Kama chako ni kofia ya shujaa yenye macho yanayowaka, bastola ya anga za juu au fimbo ya mchawi, njia haibadiliki, panapotofautiana nitasema.

Na kwa wale wanaotucheka kwamba tunahangaikia midoli: mpini wa upanga wa shujaa katika filamu ya Star Wars ya 1977 ulitokana na kishikio cha flashi ya kamera za Graflex za Marekani, kishikio kilichotengenezwa kubeba betri tatu za D, zile nene. Yaani kabla ya kuwa silaha ya sinema kilikuwa taa ya mpiga picha. Kichekesho ni kwamba ule mwanga tuliouona kwenye filamu uliongezwa baadaye juu ya picha. Nakala zetu za leo ndizo zinazolazimika kuwaka kwelikweli, na ndizo zinazogoma.

Kabla hujashika bisibisi

Angalia kwanza kama dhamana bado ipo. Ikiwa ipo, rudisha kifaa kwa aliyekuuzia na uachane na mwongozo huu. Ikiwa ni toleo la idadi maalumu, lenye namba na cheti, ujue kwamba kibandiko kilichochanika au skrubu iliyokwanguliwa kichwa hupunguza thamani kuliko taa isiyowaka. Kuna vitu ambavyo mimi ningeviacha gizani.

Piga picha za kifaa pande zote. Kisha chunguza mambo matatu ambayo si ubovu hata kidogo.

La kwanza ni utepe mwembamba wa plastiki unaowekwa kati ya betri na springi ili betri zisiishe dukani. Ukivutwa kwa pupa hukatika, kipande kikabaki ndani na kuzuia umeme. La pili ni swichi ya hatua tatu. Baadhi ya vifaa vina hatua ya kuzima, ya kuonjesha wateja dukani, na ya kuwasha kamili. Kifaa kilichoachwa kwenye hatua ya kuonjesha huwaka sekunde chache kikazima, na mwenye nacho anaapa kwamba kimeharibika. La tatu ni kujizima chenyewe: bodi nyingi hukata taa baada ya muda fulani ili kuokoa betri. Kikizima baada ya muda uleule kila mara, pima kwa saa. Ubovu hauna nidhamu namna hiyo.

Sasa sikiliza kifaa kinasema nini. Dalili hukupunguzia nusu ya kazi:

- Hakuna taa wala sauti: tafuta kwenye betri, springi au swichi kuu.
- Sauti ipo, taa hakuna: betri angalau zina kitu, kwa hiyo mashaka yanahamia kwenye waya wa LED, LED yenyewe, au sehemu ya bodi inayoiendesha. Usizisamehe betri bado, maana LED ya bluu inaweza kugoma wakati sauti bado inatoka. Nitaeleza sababu.
- Taa inafifia au kupepesa kila sauti inapopanda: betri zimechoka au mguso ni mbaya.
- Inawaka ukikipigapiga au ukikiinamisha: kuna kitu kimelegea. Huu ndio ubovu mzuri kuliko wote, kwa sababu unajionyesha.
- Inawaka hafifu muda wote, hata kwa betri mpya: ama kuna kutu njiani, ama mtu amewahi kuweka LED au rezista (kidude kinachopunguza umeme unaofika kwenye LED) isiyofaa.

Vya kuandaa

Mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa. Bisibisi ndogo za nyota na bapa. Betri mpya za alkalini. Siki nyeupe au limau, spiriti, vijiti vya pamba vya masikio, raba ya kufutia penseli, msasa laini, betri moja ya CR2032 (ile bapa kama sarafu), na trei ya mayai. Chuma cha kulehemu kiache mbali kwa sasa. Huenda usikihitaji.

Hatua ya kwanza: betri

Usiniambie betri ni nzima kwa kuwa umezitoa kwenye rimoti ya televisheni. Rimoti inakunywa umeme kwa kijiko cha chai. Betri inayoiendesha miezi mingine miwili inaweza kushindwa kabisa kuwasha LED na spika kwa pamoja.

Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), kipimo cha 20. Ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, pima betri moja moja. Ya alkalini iliyo mpya husoma kati ya 1.5 na 1.6. Ikisoma 1.3 bado ina maisha. Ikifika 1.2 iko ukingoni, na chini ya 1.1 itoe. Tatu nzima zikipangana hutoa volti 4.5 au zaidi kidogo.

Lakini betri iliyopumzika hudanganya. Isiyo na mzigo, yaani isiyoendesha chochote, inaweza kusoma vizuri, ikitwishwa mzigo ikaanguka. Kwa hiyo zirudishe kwenye kifaa, kiwashe, kisha gusisha ncha za mita mwanzo na mwisho wa mstari wa betri wakati kinafanya kazi. Zikishuka kutoka 4.5 hadi 4.2, sawa. Zikishuka hadi 3.4, umeshapata mkosaji na unaweza kuishia hapa.

Rangi ya taa nayo ina neno lake. LED nyekundu inahitaji takriban volti 2 ili iwake. Ya bluu, nyeupe, na aina nyingi za kijani huhitaji karibu 3. Hebu chukua betri tatu zilizochoka za volti 1.0 kila moja: jumla ni 3. Nyekundu bado itawaka kwa raha. Ya bluu itatoa kamwanga ka kimulimuli au isiwake kabisa. Ndiyo maana mwenye panga mbili, mmoja mwekundu na mmoja wa bluu, hukuapia kwamba ule wa bluu ni mbovu.

Betri za kuchaji za AA pia huwachanganya watu. Kila moja ni volti 1.2, tatu ni 3.6, wakati kifaa kilibuniwa kwa 4.5. Mwanga ukipungua baada ya kuziweka, hakuna kilichoharibika. Soma maandishi ndani ya kifuniko. Vifaa vingine husema wazi visiwekewe betri za kuchaji.

Mwisho, hakiki mwelekeo. Betri moja kati ya tatu ikigeuzwa, haikosekani tu, inapingana na wenzake: 1.5 jumlisha 1.5 toa 1.5, unabaki na 1.5, na hakuna LED ya kuwaka hapo. Usichanganye ya zamani na mpya pia. Iliyochoka husukumwa na wenzake hadi inavuja.

Hatua ya pili: chumba cha betri

Toa betri zote. Chukua tochi, tazama springi na vibati mpaka kwenye kona.

Unga mweupe ni alama ya betri iliyovuja. Rangi ya kijani au bluu ni shaba iliyoliwa. Kahawia ni kutu ya chuma. Kabla ya kusafisha, soma betri iliyovuja ni ya aina gani. Uvujaji wa alkalini ni besi kali (kinyume cha asidi), dawa yake ni asidi dhaifu: siki au maji ya limau. Betri za zamani za kaboni na zinki, zile nyepesi za bei ya chini, huvuja majimaji yenye asidi. Hizo tumia soda ya kuokea iliyokorogwa na maji kidogo. Ukikosea aina, hutalipua kitu, ila utasugua bure.

Vaa glavu, linda macho. Lowanisha kijiti cha pamba kwa siki, kiwe na unyevu tu, kisha gusa pale penye unga. Patatoa povu kidogo. Rudia kwa vijiti vipya mpaka povu liishe, futa kwa kijiti chenye maji, malizia na spiriti. Wakati wote huo shika mpini upande wa betri ukiwa chini. Nimewahi kuona bodi iliyokuwa nzima ikafa kwa sababu mtu alimimina siki, ikateremka hadi kwenye saketi, ikakaa humo wiki nzima ikila shaba kimyakimya.

Kwa madoa yaliyobaki anza na raba ya penseli. Inang'arisha bila kukwangua. Msasa ni wa mwisho na ni kwa mkono mwepesi, maana springi nyingi ni chuma kilichopakwa nikeli. Ukiimaliza nikeli, kutu itarudi haraka kuliko mwanzo.

Springi iliyobonyea ivute kidogo kwa kibano. Ili kujua kama shida ni springi isiyofika, kunja kipande kidogo cha foili ya jikoni, kipachike kati ya springi na betri, ujaribu. Ikiwaka, umethibitisha. Kisha toa foili. Si tiba hiyo, inaweza kuteleza na kuunganisha chanya na hasi, na betri zikianza kupata moto ndani ya mpini uliofungwa utajuta.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi hawakifanyi. Kifaa kikiwa kimewashwa, pima volti moja kwa moja kwenye betri, kisha pima tena kwenye vibati vyenyewe pale nyaya zilipolehemiwa, kama unapafikia. Namba mbili hizo zinapaswa kukaribiana sana. Zikitofautiana kwa nusu volti, umeme unapotelea kwenye mguso, hata kama macho yako yanaona springi inayong'aa.

Hatua ya tatu: kufungua bila kuacha alama

Ukifika hapa na taa bado giza, fungua. Toa betri kwanza.

Watengenezaji hupenda kuficha skrubu chini ya vibandiko, nembo na vipande vya mpira. Pitisha kidole ukibonyeza taratibu. Panapozama kidogo pana tundu. Kibandiko kipashe joto kwa draya ya nywele, joto la kati, kisha kiinue kwa ukucha kutoka pembeni na kukilaza kwenye karatasi ya plastiki laini ili gundi isife.

Hapa ndipo trei ya mayai inapolipa. Kila skrubu na kijishimo chake, kwa mpangilio ilivyokaa kwenye kifaa. Huu si unadhifu wa kupitiliza: skrubu hutofautiana urefu, na ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hutokeza upande wa mbele, juu ya rangi. Nimewahi kufanya hivyo kwenye kofia. Bado ninaiona alama kila nikipita mbele ya kabati.

Kama ganda limegandishwa, usiingize bisibisi kwenye mwanya. Chuma huacha meno kwenye plastiki. Tumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Likiachia, fungua kama kitabu, polepole, kwa sababu nyaya za ndani mara nyingi ni fupi na ziko tayari kung'oka. Kisha piga picha kabla ya kugusa chochote. Rangi za nyaya utazisahau, niamini.

Hatua ya nne: kufuata umeme

Hii ndiyo kazi yenyewe. Zote zilizopita zilikuwa za kuondoa sababu za kijinga.

Rudisha betri, washa. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya betri, kwenye kibati cha mwisho, na uiache hapo. Ishike kwa klipu au kipande cha tepu. Sasa tembea na ncha nyekundu: kibati cha chanya, mahali waya wake ulipolehemiwa, mguu wa swichi unaoingia, mguu unaotoka, mahali waya unapoingia kwenye bodi, mahali waya wa LED unapotoka, na mwisho mguu wa chanya wa LED. Kila kituo soma namba. Itakuwa 4.5, 4.5, 4.5, halafu ghafla sifuri. Ubovu uko kati ya kituo cha mwisho kilichosoma vizuri na hicho cha kwanza kilichosoma vibaya.

Ukifika mwisho na namba zote ni nzuri, geuza. Ncha nyekundu ikae kwenye chanya ya betri, nyeusi itembee upande wa hasi. Upande huu husahaulika, kana kwamba umeme ukishafika kwenye taa hauna haja ya kurudi nyumbani.

Kwenye upanga wangu namba zilikuwa nzuri hadi bodini. Kwenye mguu wa LED, sifuri. Waya ulionekana mzima, ganda jekundu halina hata mkwaruzo. Nilipouvuta kidogo, ganda likanyooka kama mpira, maana ndani hamkuwa tena na shaba ya kulizuia. Nyuzi za shaba hukatika karibu na lehemu kwa sababu pale waya mlaini unageuka ghafla kuwa kitu kigumu, na kila mtikisiko unakunjia palepale. Kwa hiyo ukikosa muda wa kupima vyote, anza kuvutavuta nyaya kwenye maungio yake.

Kwa waya unaoushuku, toa betri, weka mita kwenye kipimo cha mlio (mita hulia umeme ukipita), gusisha ncha mbili huku na huku, kisha uchezeshe waya. Mlio mfululizo, mzima. Ukikatikakatika, umeupata.

Swichi ina njia yake ya kupima. Kifaa kikiwa kimewashwa, weka ncha zote mbili kwenye miguu miwili ya swichi. Inayofunga vizuri husoma karibu sifuri, kwa kuwa umeme unapita bila kizuizi. Ikisoma 4.5 wakati iko kwenye kuwasha, haipitishi chochote. Ikisoma 0.8 au 1, inapitisha kwa shida, na hapo ndipo taa yako hafifu ilipotoka. Hili ni la swichi kuu ya kusukuma. Kitufe kidogo cha kubonyeza kwa kawaida hutuma ishara tu kwa bodi, kwa hiyo kipime kwa mlio, betri zikiwa nje: kimya kikiachwa, mlio kikibonyezwa.

Swichi chafu haihitaji kubadilishwa mara moja. Dondosha tone la spiriti kwenye mwanya wake, isukume huku na huku mara thelathini hivi, iache ikauke. Mara nyingi inafufuka.

Hatua ya tano: je, LED ni nzima?

CR2032 ni volti 3, na kwa kuwa ndani yake ina ukinzani wa kutosha, inaweza kujaribu LED ndogo kwa sekunde chache bila rezista. Toa betri za kifaa, gusisha chanya ya CR2032 kwenye mguu wa chanya na hasi kwenye mwingine. LED mpya ina mguu mrefu upande wa chanya. Iliyokwisha kukatwa miguu, tazama ukingo wake: upande uliochongwa bapa ni hasi. Isipowaka, geuza ujaribu tena kabla ya kutoa hukumu. Na betri iwe mpya, hasa kwa ya bluu.

Kipimo cha dayodi (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, LED ikiwa mojawapo) kwenye mita nacho hufanya kazi, lakini mita nyingine hazitoi volti za kutosha kuiwasha bluu au nyeupe. Usiitupe LED kwa ushahidi huo peke yake.

LED ikiwaka kwa CR2032 na nyaya zote ni nzima, tazama bodi. Bodi nyingi hupeleka chanya moja kwa moja kwenye LED na kuiwasha kwa kufungulia upande wa hasi kupitia transista, yaani kiswichi cha kielektroniki. Ukiwa na ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, pima mguu wa hasi wa LED: unapowasha, namba inapaswa kuanguka. Isipoanguka kabisa, bodi haiamuru. Hapo kagua kwa kioo cha kukuza kama kuna lehemu iliyopasuka duara kuzunguka mguu wa waya, uipashe upya. Ikiwa si hiyo, bodi imekufa, na mimi sishauri kuhangaika na vijisehemu vyake visivyoonekana kwa macho. Tafuta bodi kamili ya kifaa kilekile kilichovunjika.

Hatua ya sita: kutengeneza

Waya uliokatika ni bora kuubadilisha wote kuliko kuuunga katikati. Chagua mlaini wenye nyuzi nyingi, unene uleule au karibu, na ongeza sentimita moja ya ziada ili usivutike. Paka lehemu kwenye ncha ya waya kwanza, kisha kwenye mguu, ndipo uunganishe. Chuma kikae kwenye mguu wa LED sekunde mbili au tatu, si zaidi. Joto husafiri kwa mguu hadi ndani. Funika kwa kimrija cha plastiki kinachosinyaa kwa joto. Tepu ya umeme nayo hufaa, lakini kwa joto la huku kwetu gundi yake hugeuka uji baada ya miaka michache, ikajivua yenyewe.

Bana waya kwa tone la gundi ya moto sentimita moja kabla ya ungio, ili mkunjo usitokee tena kwenye lehemu. Gundi hiyo unaweza kuibandua siku nyingine. Supaglu usiisogeze karibu: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki inayoonyesha, na kuutoa ni kazi.

LED mpya ifanane na ya zamani kwa ukubwa na rangi, na ujue rezista yake. Hesabu ni fupi. Betri 4.5, LED ya bluu inatumia takriban 3.2, zinabaki volti 1.3. LED ya milimita 5 hutosheka na ampia 0.02. Gawanya 1.3 kwa 0.02, unapata omu 65 (omu ni kipimo cha ukinzani wa rezista). Dukani chukua 68. Kwa nyekundu inayotumia volti 2 zinabaki 2.5, ukigawanya ni 125, na 150 itafaa bila hofu. Ukibadilisha kutoka nyekundu kwenda bluu na kuacha rezista ileile, taa itakuwa hafifu. Kinyume chake ni hatari zaidi, nyekundu itapewa kupita kiasi, na inaweza kufa mapema.

Onyo moja: kama LED yako imekaa juu ya kibati cha alumini chenye umbo la nyota, hesabu hiyo isahau. Hiyo ni ya nguvu kubwa, inatumia mamia ya miliampia, inaendeshwa na bodi, na lazima ibanwe vizuri kwenye chuma cha kupooza joto. Ibadilishe kwa aina yake tu.

Kwa vifaa vyenye taa mbili

Kofia yenye jicho moja bovu ni zawadi, maana lile zima ni mwalimu wako. Pima volti kwenye jicho zima, kisha kwenye bovu, ulinganishe. Au badilishana nyaya kwenye miguu ya LED: ubovu ukihamia jicho lingine, kosa liko kwenye waya au bodi, ukibaki palepale, ni LED. Na kama uso wa kofia unafunguka kwa bawaba, nenda kwenye bawaba kabla ya kwenda popote, kwa sababu waya pale hukunjwa kila unapowaonyesha wageni. Baadhi ya kofia hizo pia huwasha macho kwa kiswichi kidogo kinachobanwa uso unapofungwa. Kibonyeze kwa kijiti cha meno uone.

Kama kifaa kinatumia betri bapa kama sarafu, zihifadhi mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, inaweza kumchoma umio ndani ya saa mbili. Apelekwe hospitali hapohapo bila kusubiri dalili. Na kama ndani kuna betri ya lithiamu ya kuchaji, iliyovimba usiitoboe wala kuichaji, na usiilehemu moja kwa moja.

Kufunga na kuweka kabatini

Jaribu taa kabla ya kufunga, kisha tikisa kifaa wakati kinawaka. Funga skrubu mbili, jaribu tena, kwa sababu ganda linapobana linaweza kuukandamiza waya na kuukata upya. Ndipo umalize zilizobaki. Usikaze kwa nguvu. Plastiki ikishalika meno haina dawa.

Kisha toa betri. Zitoe kweli, hata kama utakiwasha Jumamosi ijayo. Kinachoua vifaa hivi ni miaka ya kukaa kimya na betri ndani, hasa pwani ambako hewa ya chumvi inamalizia kilichoanzwa na uvujaji.

Mimi huweka betri kwenye mfuko wake kando ya kifaa, na ndani ya boksi natia kikaratasi: tarehe, waya gani ulibadilishwa, rezista ya omu ngapi. LED ya zamani ya upanga wangu, ile niliyoing'oa bila kosa lake, imo humo pia, imefungwa kwenye kipande cha karatasi, na bado inawaka.